Phra Chamroon, Askari Aliyegeuka Mtawa

Ndugu msomaji, ukisimama pale Kamakis Jumamosi jioni, karibu na mahali Eastern Bypass inapokutana na Thika Road, utaona moshi wa nyama choma ukipanda kama wa kiwanda na magari yameegeshwa hadi kando ya barabara. Wengi wa wanaokuja pale hula nyama yao, wakanywa chupa zao mbili, wakaenda nyumbani salama. Lakini pita pale pale Jumapili asubuhi ukienda kanisani. Utaona wengine waliorudi kutoa loki, yaani kuuzima ulevi wa jana kwa kinywaji cha leo. Na hao wa Kamakis ni wenye pesa. Ukiingia vichochoro vya Ruiru na vya Thika, huko kuna keg, kuna chang'aa, na kuna vijichupa ambavyo hakuna ajuaye vilitiwa nini. Mwezi wa Mei mwaka 2014 pombe iliyotiwa methanoli iliua watu wengi katika kaunti kadhaa, Embu na Kiambu yetu zikiwamo, na wengine waliopona walipofuka macho.

Mambo haya sisi huyazungumza kwa njia mbili tu: mzaha au mahubiri. Kwa hivyo nimeonelea niwaletee maisha ya mtu mmoja wa mbali sana, ambaye jina lake lilivuma Asia yote na bado halijulikani sana kwetu. Aliwaweka waraibu mstari mmoja mbele ya mtaro, akawapa kikombe cha dawa chungu na ndoo ya maji, na kabla ya hayo yote akawataka watamke neno moja la kweli. Mtu huyo ni Phra Chamroon Parnchand wa Thailand, aliyefariki mwaka 1999. Neno Phra ni la heshima, huwekwa mbele ya jina la mtawa wa dini ya Budha kama sisi tusemavyo Padre au Sheikh.

Chamroon hakuzaliwa mtawa. Alikuwa askari polisi. Sasa wewe jiulize, askari na mraibu hukutana wapi? Hukutana kwenye pingu. Askari humjua mlevi kwa upande wa nje tu: anavyoyumba, anavyonuka, anavyodanganya. Miaka ya 1950 Chamroon aliiacha kazi hiyo, akanyoa nywele na kuvaa vazi la watawa. Huko kwao si jambo la ajabu, maana wanaume wengi wa Thailand huingia utawani kwa miezi michache, kisha wakarudi kwa wake zao na mashamba yao. Huyu hakurudi.

Aliyemvuta huko alikuwa shangazi yake, na hapa ndipo kisa kinaponoga. Mama huyo aliitwa Mian Parnchand, lakini wafuasi wake walimwita Luang Por Yai, jina ambalo kwa Kithai ni kama kusema Baba Mtukufu Mkuu. Naam, baba! Mwanamke akapewa cheo cha baba kwa jinsi walivyomstahi. Aliishi maisha ya ufukara wa hiari, akitafakari na kufundisha. Mwaka 1957 yeye, Chamroon na watawa wengine wachache walifika mahali penye miamba na pango katika mkoa wa Saraburi, kaskazini mwa Bangkok. Mwendo wake haupiti sana ule wa kutoka Ruiru hadi Nyeri. Mahali hapo paliitwa Tham Krabok, na tham ni pango. Walitaka kukaa kimya, wasali, wale mlo mmoja kwa siku. Hawakwenda kufungua hospitali.

Lakini mwenye shida hakosi kuliona pango lenye moto.

Ili uelewe yaliyofuata, sharti nikupeleke Bangkok kidogo. Kwa miaka mingi serikali ya Thailand yenyewe ndiyo iliyotoa leseni za majumba ya kuvutia afyuni, na kodi yake iliingia hazinani. Hapa niwakumbushe wanachama wenzangu kwamba afyuni ndiyo kasumba. Tukisema darasani kwamba fulani ana kasumba ya kikoloni, tunatumia jina la dawa ya kulevya bila kujua. Basi mwaka 1958 jemadari aliyeitwa Sarit Thanarat, aliyekuwa ameishika nchi kwa mapinduzi, akaipiga marufuku kasumba. Majumba yakafungwa katikati ya mwaka 1959, na viko vya kuvutia, maelfu kwa maelfu, vikachomwa moto hadharani katika uwanja mkubwa wa Sanam Luang mjini Bangkok. Watu wakashangilia.

Kiko kikichomwa, mvutaji hachomeki pamoja nacho. Anabaki, na kiu yake inabaki. Wengi walihamia heroini, ambayo ni kali zaidi na ni rahisi kuificha mfukoni. Nadhani kisa hiki hakitukuti wageni. Sisi nasi tuliona mwezi wa Julai mwaka 2015, Rais Uhuru Kenyatta alipoamuru pombe haramu zimalizwe katika eneo la kati, jinsi wabunge na vijana walivyovunja maghala na kumwaga madumu barabarani. Mitaro ilijaa pombe. Ila waliokuwa wakiinywa walilala wapi usiku ule? Walishikwa na nini kesho yake asubuhi, mikono ilipoanza kutetemeka? Habari hizo hazikusikika sana.

Kule Thailand baadhi ya waliobaki bila kiko walipanda hadi pangoni kwa Luang Por Yai, wakaomba msaada. Mama yule alikuwa na elimu ya mitishamba. Akamkabidhi mpwawe Chamroon mambo mawili: dawa ya kutapisha iliyochemshwa kwa mimea mingi, na kiapo kinachoitwa sajja. Tangu mwaka ule wa 1959 askari wa zamani akawa mganga wa waraibu.

Wacha nieleze ilivyokuwa, maana hapa ndipo wengi huuliza. Mgonjwa alipofika, kitu cha kwanza hakikuwa dawa, kilikuwa sajja. Alipiga magoti mbele ya watawa, akaahidi kwamba hatagusa tena dawa za kulevya maisha yake yote. Sajja ni neno la lugha ya kale ya dini yao, na maana yake ni ukweli. Yaani mtu haapi kwa jina la mfalme wala kwa mizimu ya babu zake. Anatoa neno lake mwenyewe na kulifanya kuwa kweli kwa kuliishi. Asiyekubali kuapa hakupewa dawa. Tena watawa walimpa muda wa kufikiri, kwani kiapo cha kubembelezwa si kiapo.

Baada ya hapo zilikuja siku 5 za dawa. Alasiri wagonjwa walipangwa mstari, wamepiga magoti mbele ya mtaro, kila mmoja na ndoo yake ya maji. Mtawa alipita akimpa kila mtu kikombe kidogo cha dawa ya rangi ya udongo mzito. Akisha kuimeza, hufululiza maji, kata baada ya kata, mpaka tumbo linakuwa ngoma. Kisha, samahani ewe msomaji unayekula mandazi, mambo hutoka kwa nguvu. Na wale waliotangulia, ambao zamu yao ya kutapika imekwisha, husimama nyuma wakipiga ngoma na makofi, wakiimba kuwatia moyo wenzao. Hebu fikiria: mwizi, kijana wa chuo, dereva wa lori na mwana wa tajiri wamepiga magoti bega kwa bega wakitapika, na watu wasiowajua wanawaimbia. Hakuna wa kumcheka mwenzake.

Siku 5 zilizobaki zilikuwa za kupumzika, kufagia, kukaa kimya na kuingia katika chumba cha mvuke wa majani ya mitishamba. Jumla siku 10, na wengine walikaa zaidi. Malipo hayakulazimishwa, mwenye chochote alitoa.

Wazee wetu wa Kikuyu wakisikia habari hii hawawezi kushtuka. Zamani mtu aliyeingiwa na thahu, yaani unajisi, alipelekwa kwa mundu mugo. Pale alilambishwa dawa na kutema, akitaja kila ubaya alioubeba, na kitendo kile kiliitwa kwa neno lile lile la kutapika, gutahika. Wazee walijua kwamba kuna uchafu usiotoka kwa sabuni. Na neno kiapo, hapa Kiambu, lina uzito wake. Nyumba nyingi zina babu au nyanya aliyekula kiapo miaka ya 1950, miaka ile ile Chamroon alipokuwa akivua sare ya polisi, na ukimwuliza habari zake atakutazama kwanza kabla ya kujibu. Tofauti ni kwamba sajja ilisemwa mchana kweupe, na hakuna mzee wala askari aliyetumwa kumfuata mtu nyumbani kuona kama ameitunza.

Lakini kwa nini mtawa wa Budha aangaike na mitaro ya matapishi? Wengi wetu humjua Budha kwa sanamu tu, mtu mnene anayecheka dukani, na hata huyo si yeye. Budha mwenyewe, Siddhartha Gautama, aliishi India yapata miaka 2,500 iliyopita. Alifundisha kwamba maisha yana mateso na kwamba mateso yana chanzo. Chanzo hicho alikiita tanha. Unajua tanha ni nini? Ni kiu! Neno lile lile ambalo kijana wa Kamakis hulitaja akiagiza chupa ya kwanza, kwamba anakata kiu. Kwa mafundisho haya kiu haikatwi kwa kunyweshwa. Kila ukiilisha inanenepa. Mtu hujifunza kukaa nayo, kuitazama inavyokuja, inavyopanda na inavyoshuka, bila kuinuka kuifuata. Huko ndiko kutafakari kwao, hata kama kwa mbali mtawa aliyekaa huonekana kama amelala. Na katika maagizo 5 ambayo kila Mbudha wa kawaida hufuata, la tano ni kujiepusha na vilevi.

Dini hiyo haiko mbali sana nasi kama tunavyodhani. Dar es Salaam kuna hekalu la Kibudha lililoanzishwa na Wasinhala kutoka kisiwa kinachoitwa leo Sri Lanka, waliokuja zama za ukoloni. Ila kazi ya kuunganisha utawa na kuwaponya waraibu kwa namna hii haikufanyika huko. Makao yake ni Tham Krabok.

Watu walikuja. Mwanzo wavuta kasumba, wengi wao wazee, kisha vijana wa heroini, kisha walevi wa pombe, na miaka ya baadaye hata Wazungu waliopanda ndege kutoka Ulaya, Marekani na Australia baada ya kushindwa na hospitali za kwao. Luang Por Yai alifariki mwaka 1970, kazi yote ikabaki mabegani mwa Chamroon. Mwaka 1975 akapewa Tuzo ya Ramon Magsaysay ya utumishi kwa umma, ambayo hutolewa Manila, Ufilipino, na ambayo watu huilinganisha na Nobeli kwa bara la Asia. Makao yenyewe hutaja waliopitia pale tangu mwanzo kuwa zaidi ya watu 100,000. Kuhesabu waliofika ni rahisi kuliko kuhesabu waliobaki wazima baada ya miaka 10, kwa hiyo idadi hiyo mimi naitazama kama idadi ya walioapa.

Na sasa niseme neno kuhusu dawa yenyewe, maana namjua mwanafunzi mwenzangu: atatoka hapa aende kumchemshia mjomba wake majani. Usithubutu! Dawa ile ilikuwa siri ya watawa. Tena madaktari hueleza kwamba kutapika hakutoi heroini wala pombe iliyokwisha kuingia katika damu. Ini na figo ndizo zifanyazo kazi hiyo. Mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka, akiacha ghafla, anaweza kushikwa na kifafa na kuona mambo yasiyokuwepo, na wengine hufa. Huyo apelekwe hospitali kwanza. Kwa heroini siku hizi kuna dawa iitwayo methadoni, inayotolewa kwa usimamizi wa wauguzi: Muhimbili, Dar es Salaam, walianza mwaka 2011, na hapa Kenya kliniki za kwanza zilifunguliwa Mathari na Malindi kati ya mwisho wa 2014 na mwanzo wa 2015.

Basi kama matapishi hayaondoi sumu, watu walipona kwa nini? Chamroon mwenyewe hakuwa akiitukuza dawa. Kwa fundisho lake dawa ilikuwa sehemu ndogo tu, na sehemu kubwa ni sajja. Kwa maoni yangu aliona jambo ambalo sisi tunalipita. Mraibu huwa amepoteza vitu vingi kabla hajafika mtaroni: kazi, ng'ombe, viatu. Lakini kilichopotea kwanza kabisa ni neno lake. Ameahidi kwa mama mara ngapi? Amemwambia mkewe kwamba leo ndiyo mwisho mara ngapi, mpaka mke akaacha hata kuitikia? Hakuna tena anayemwamini, na yeye mwenyewe hajiamini. Anapokuja mtu mwenye heshima akamwambia, hapa neno lako moja linatosha, sitaki dhamana, sitaki pesa, nataka useme kweli, mtu huyo anarudishiwa kitu ambacho hakuna kliniki inayokiuza. Mwaka 2018 serikali ya Kaunti ya Kiambu ilianzisha mpango ulioitwa Kaa Sober, walevi wakapewa kazi ya kuzibua mitaro na kufagia kwa shilingi 400 kwa siku. Wazo halikuwa baya, kwani mikono iliyokaa bure ni hatari. Lakini maswali ya fedha yakazuka, mpango ukafifia, na malipo yalipokoma wengi walibaki pale pale walipokuwa. Mitaro tuliizibua na sisi. Kiapo ndicho hatukuwa nacho.

Hata hivyo kuna jambo moja katika kazi ya Phra Chamroon ambalo siwezi kulimeza, na sidhani ni heshima kulificha kwa sababu tu mtu ni marehemu. Kanuni ya Tham Krabok ilikuwa kwamba mtu hutibiwa mara moja tu katika maisha. Ukivunja sajja, usirudi, mlango umefungwa. Naelewa sababu yake. Kama mlango uko wazi daima, kiapo kinakuwa kama tikiti ya matatu, ukikosa hili unapanda linalofuata. Uzito wa neno ulitokana na kwamba halirudiwi. Lakini katika mitaa yetu walioacha pombe wakairudia ni wengi kuliko walioacha mara moja na kusonga mbele. Wanaojua kazi hii hueleza kwamba kuanguka tena ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na kwamba mtu huweza kujaribu mara ya tatu au ya tano ndipo asimame. Zanzibar kuna nyumba za kurekebisha waraibu zinazoendeshwa na watu waliokuwa waraibu wao wenyewe. Wanafuata hatua 12 zilizotoka Marekani, na mafundisho yao yanasisitiza siku moja tu, ya leo. Kesho uapie tena. Hiyo ni njia nyingine kabisa, na kwa mtu aliyekwisha kuanguka ndiyo iliyobaki wazi.

Tena ni ajabu kwa mtu kama Chamroon, kwa sababu kwa wengine mlango wake haukuwa mgumu. Wakati Wahmong, watu wa milimani kutoka Laos, walipokuwa wakimbizi baada ya vita vya nchi yao, yeye aliwaruhusu wakae katika ardhi ya makao yale. Kambi ikakua mpaka ikawa kama mji mdogo, serikali ikinung'unika. Hakuwauliza wamevunja kiapo gani. Miaka michache baada ya kifo chake, kuanzia mwaka 2004, maelfu yao walipelekwa kuishi Marekani, na wajukuu wao wako huko hata leo.

Alifariki mwaka 1999, wengi wetu tukiwa hatujazaliwa. Hakuacha mali. Aliacha watawa aliowalea wakiendelea na kazi, sanamu nyeusi kubwa za Budha zilizochongwa kwa mikono ya watawa wenyewe, na mtaro ule wa saruji. Baada yake wagonjwa waliendelea kupanda Saraburi, wengine kwa basi kutoka Bangkok, wengine kutoka ng'ambo ya bahari, na saa za alasiri ngoma ziliendelea kulia.